Barua ya wazi kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka kuhusu wapiga kura wa Mombasa waliobaki nyumbani

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti, Bw. Erastus Ethekon, na Waheshimiwa Makamishna wote wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka,

Baada ya salamu na heshima zinazowastahili, nawaandikia nikiwa mpiga kura wa eneobunge la Likoni, kuhusu jambo ambalo kila uchaguzi unapomalizika hutajwa kwa sentensi mbili katika taarifa za matokeo, kisha huwekwa kando hadi miaka mitano mingine itimie. Tarehe 9 Agosti 2022 sajili yenu ilikuwa na wapiga kura zaidi ya 640,000 wa kaunti ya Mombasa, na waliofika vituoni hawakutimia nusu yao. Walikuwa takriban asilimia 44, kiwango cha chini kabisa miongoni mwa kaunti zote 47, na jirani zetu wa Kilifi hawakuwa mbali nasi.

Sababu za hali hiyo huelezwa kwa wepesi mno. Husemwa kwamba Mpwani hapendi siasa, kwamba ameridhika na baraza yake na kikombe chake cha kahawa, na kwamba dawa yake ni kuhamasishwa. Maneno hayo nimeyasikia kwa wanasiasa waliokuja kutuomba kura, nimeyasikia katika semina, na kwa masikitiko nimeyasikia hata kwa watu waliopewa kazi ya kuwaelimisha wapiga kura. Nayapinga, na ndiyo maana nimeamua kuwaandikia hadharani. Watu wa Mombasa wanaijali siasa kwa dhati. Kilichopungua ni imani yao kwamba kura ndiyo njia ya kuyafikia wanayoyataka. Sehemu kubwa ya kazi ya kuirudisha imani hiyo imo mikononi mwa Tume, haimo mikononi mwa imamu wala mchungaji, wala mwa mwanamuziki anayepandishwa jukwaani wiki tatu kabla ya siku ya uchaguzi.

Anayedhani kwamba hatujali na aketi jioni moja penye kahawa, iwe Majengo, Mwembe Tayari au huku kwetu Likoni. Hatasikia porojo tu. Atasikia wazee na vijana wakihojiana kuhusu mgao wa fedha za kaunti, kuhusu ushuru wa soko, kuhusu nani alipewa zabuni ya barabara na kwa nini lami imekomea njiani. Mwaka 2022, Tume ilipoweka Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kura ya urais, za vituo vyake 46,229 katika tovuti ya umma ili kila raia ajionee mwenyewe, nilimwona muuza samaki mmoja wa mtaani kwetu amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, simu mkono mmoja na kalamu mkono wa pili, akijumlisha kura za kituo baada ya kituo nyuma ya gazeti lililobaki la kufungia samaki. Alikuwa makini kuliko makarani wengi. Nilipomuuliza alipigia kura kituo gani, akanijibu kwamba hakupiga. Sijapata kuona ushahidi ulio wazi zaidi ya huo kwamba kujali siasa na kupiga kura ni mambo mawili, na kwamba kati yake pana pengo ambalo lazima mtu alieleze.

Ushahidi mwingine haukuhitaji kutafutwa, ulipita barabarani. Serikali ilipoamuru makontena yanayoingia katika bandari yetu yasafirishwe kwa reli mpya ya SGR hadi Nairobi, madereva wa malori, mawakala wa forodha, vibarua wa maghala, na hata akina mama waliokuwa wakiuza chakula kando ya barabara ya Changamwe na Miritini walipoteza riziki. Mwaka 2019 wakazi waliandamana kila Jumatatu, wiki baada ya wiki. Wengine walikwenda mahakamani, na Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaamua kwamba agizo lile lilikiuka Katiba. Septemba 2022 Rais William Ruto, siku aliyoapishwa, alitangaza kurejeshwa kwa shughuli za uidhinishaji wa mizigo Mombasa. Nawaomba mlitazame tukio hili kwa macho ya kijana wa Changamwe. Ameona haki ikidaiwa barabarani, akaiona ikidaiwa mahakamani, na mwishoni akaiona ikitangazwa jukwaani. Popote pale katika safari hiyo hakuona mahali ambapo karatasi yake ya kura ilifanya kazi. Wabunge tuliokuwa tumewachagua 2017 walikuwepo muda wote huo, na wengi wao sauti zao zilisikika baada ya watu kujaa barabarani, si kabla.

Vijana waliojitokeza Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha waliusoma mswada wenyewe, wakaufafanua kwa lugha nyepesi, wakapigia wabunge wao simu, na hapa Mombasa pia waliandamana. Damu ilimwagika nchini tarehe 25 Juni, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia saini mswada ule. Kizazi hicho ndicho kile kile ambacho Tume ilitueleza, kabla ya uchaguzi wa 2022, kwamba kimesajiliwa kwa idadi ndogo kuliko 2017: vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa takriban asilimia 40 ya sajili, na idadi yao ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 5 huku idadi ya Wakenya vijana ikizidi kukua. Mtu anayekubali kukabiliana na moshi wa vitoa machozi kwa ajili ya kifungu cha sheria ya kodi hawezi kuitwa asiyejali.

Naelewa kwamba Mombasa haiko peke yake. Mwaka 2013 Wakenya waliojitokeza kote nchini walikuwa karibu asilimia 86 ya waliosajiliwa. Agosti 2017 walikuwa karibu asilimia 79. Mwaka 2022 wakashuka hadi karibu asilimia 65. Katika uchaguzi huo wa mwisho, sajili ilikuwa na watu 22,120,458, na karibu milioni 8 kati yao hawakupiga kura. Rais alichaguliwa kwa kura 7,176,141. Kwa hivyo waliobaki nyumbani walikuwa wengi kuliko waliompa mshindi ushindi wake, na walikuwa wengi mara nyingi zaidi ya tofauti ya kura 233,211 iliyomtenganisha na Raila Odinga. Hili ni jambo la nchi nzima. Lakini mteremko wa Mombasa ni mkali kuliko wa nchi, na una jambo moja ambalo sijawahi kuliona likijadiliwa na Tume.

Kabla ya uchaguzi wa 2013, kundi la Mombasa Republican Council lilikuwa likiwahimiza Wapwani wasusie kura, chini ya kauli ya «Pwani si Kenya». Usiku wa kuamkia siku ya kura maafisa wa polisi waliuawa hapa Pwani. Watu walikuwa na sababu ya kuogopa, na walikuwa wameambiwa wasiende. Hata hivyo karibu thuluthi mbili ya waliosajiliwa Mombasa walikwenda kupiga kura. Mwaka 2022 hapakuwa na kundi lolote lenye nguvu lililohimiza kususia, hali ya usalama ilikuwa tulivu, na bado hawakufika nusu. Yaani ususiaji ulioitishwa kwa sauti kubwa ulishindwa, na ule ambao hakuna aliyeuitisha ukafaulu. Kati ya chaguzi hizo mbili wapiga kura walishuhudia uchaguzi wa urais ukibatilishwa na Mahakama ya Juu tarehe 1 Septemba 2017, wakashuhudia marudio ya 26 Oktoba ambayo sehemu kubwa ya nchi iliyasusia, na katika vyama waliviona vigogo waliokuwa wakitukanana wakikumbatiana bila ya kuwaeleza wafuasi wao kilichotokea. Hayo si makosa ya Tume peke yake, nami sitaki kuwabebesha mzigo wa wanasiasa. Lakini liko moja ambalo ni la Tume, nalo ndilo linalokumbukwa zaidi mtaani kwetu.

Siku moja kabla ya kura, tarehe 8 Agosti 2022, ilitangazwa kwamba uchaguzi wa gavana wa Mombasa, pamoja na wa Kakamega na wa maeneobunge na wadi kadhaa, umeahirishwa kwa sababu karatasi za kura zilizochapishwa Ugiriki zilikuwa na makosa katika picha na maelezo ya wagombea. Kiti cha gavana ndicho kinachogusa maisha ya kila siku ya mkazi wa mji huu: zahanati, taka, maji, masoko, leseni za biashara ndogo ndogo. Gavana aliyekuwapo alikuwa amemaliza mihula yake miwili, kwa hivyo kiti kilikuwa wazi, na watu wengi niliowafahamu walikuwa wamepanga kujitokeza kwa sababu hiyo hasa. Asubuhi iliyofuata wakapewa karatasi tano badala ya sita. Wako waliopata habari wakiwa tayari wamejiandaa, wakaona hakuna haja ya kutoka.

Tarehe mpya ikawa 23 Agosti. Nayo ikaahirishwa, Tume ikieleza kwamba watumishi wake walikuwa wakitishwa. Na vitisho hivyo havikuwa vya kubuni, kwa maana msimamizi wa uchaguzi wa Embakasi Mashariki alikuwa ameuawa. Hatimaye tukapiga kura Jumatatu tarehe 29 Agosti, wakati matokeo ya urais yalikuwa yameshatangazwa na wafanyakazi wengi waliokuwa wamerudi makwao bara kwa ajili ya kura walikuwa bado wanahangaika na nauli na kazi. Mheshimiwa Abdulswamad Nassir alishinda kwa kura 119,083, na aliyemfuata, Bw. Hassan Omar, alipata 98,108. Sina shaka na ushindi wake wala sina nia ya kuuhoji. Ninachowaomba mkitafakari ni kwamba kura zote za wawili hao zikijumlishwa ni kama thuluthi moja tu ya sajili ya kaunti, na kwamba gavana wa jiji la pili kwa ukubwa nchini aliingia ofisini akiwa amepigiwa kura na chini ya mpiga kura mmoja kati ya watano waliosajiliwa. Anayeongoza kwa ridhaa finyu namna hiyo hukosa nguvu ya kufanya maamuzi magumu, na anayetaka kumpinga naye hukosa msingi wa kudai kwamba umma uko nyuma yake.

Tangu wakati huo sijaona ripoti iliyowafikia wakazi wa Mombasa, kwa Kiswahili, ikieleza kosa lile lilitokeaje, nani alihakiki karatasi zile kabla ya kuchapishwa, na utaratibu gani umewekwa ili lisitokee tena 2027. Makamishna wa sasa hamkuwapo, mliapishwa Julai 2025. Lakini Tume ni ile ile, na deni la maelezo halifutiki kwa kubadilika kwa wanaokalia viti.

Niseme pia jambo ambalo watu wa upande wangu hawapendi kulikiri, kwamba asilimia tunazolalamikia hazielezi kila kitu. Sajili yenyewe ina matatizo. Ukaguzi uliofanywa na kampuni ya KPMG mwaka 2022 ulibaini rekodi zaidi ya 246,000 za watu waliokwisha kufariki nchini kote, na sajili inapobeba majina ya marehemu, idadi ya waliobaki nyumbani huonekana kubwa kuliko ilivyo. Mombasa kuna la ziada. Huu ni mji wa bandari, wenye watu waliokuja kutafuta kazi kutoka kila pembe ya Kenya, wakajisajili hapa, na tangu machafuko ya 2007 na 2008 wengi wao hufunga safari kwenda bara kila uchaguzi unapokaribia. Wiki moja kabla ya kura, vituo vya mabasi vya mjini hujaa familia zenye mabegi na watoto. Wanaondoka na kura zao, kwa sababu haziwezi kupigwa kwingine. Mtu huyo naye huhesabiwa kuwa hakujali, ilhali alichokifanya ni kuiweka familia yake mahali pa amani. Nawaomba mshirikiane na vyombo vya usalama na viongozi wa mitaa mapema, si wiki ya mwisho, ili mkazi wa Kisauni au Jomvu aliyetoka Ukambani, Nyanza au Magharibi ajue kwamba anaweza kubaki na kupiga kura yake bila ya hofu. Hata hivyo, marehemu na waliosafiri hawatoshi kueleza kwa nini zaidi ya watu 350,000 wa kaunti moja hawakuonekana.

Kifungu cha 83(3) cha Katiba kinasema kwamba mipango ya usajili wa wapiga kura na ya kuendesha uchaguzi lazima ibuniwe kwa namna ya kumrahisishia, wala si kumnyima, raia anayestahiki haki ya kupiga kura. Naomba mkirudie kifungu hicho kabla ya kupanga kampeni yoyote ya uhamasishaji. Hakimtaki raia ajitahidi kuwafikia. Kinawataka ninyi mpange mambo hivi kwamba asihitaji kuhangaika. Kipimo hicho kikitumiwa, usajili wetu una kasoro nyingi.

Mwaka mmoja nilishinda katika kituo cha usajili kilichofunguliwa kwa muda chini ya turubai, karibu na ofisi ya chifu. Kilifunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, siku za kazi. Asubuhi walikuja wazee, wanafunzi waliomaliza shule, na akina mama waliokuwa na nafasi. Waliokuwa wakikosekana ni wale wanaovuka feri alfajiri kwenda kusaka kazi za kibarua bandarini na viwandani, na wanawake wanaoshona nguo katika viwanda vya EPZ, vinavyotengeneza bidhaa za kuuzwa nje, ambao hutoka kazini jua likiwa limezama. Alasiri alifika kijana mmoja mpakiaji wa saruji aliyeomba ruhusa ya nusu siku. Mashine ikakataa kusoma vidole vyake, kwa sababu ngozi ilikuwa imelika kwa magunia. Akapanguswa kwa kitambaa, akapakwa mafuta, akabonyezwa tena na tena, na foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika. Karani alikuwa mpole, lakini hakuwa ameelekezwa la kufanya zaidi ya kumwambia arudi kesho. Mtu wa kibarua hana kesho ya kupoteza. Kesho yake ni unga wa jioni ile. Sikumwona tena.

Kisa hicho kina mafundisho mawili ya kiutendaji, nami nayataja kwa sababu gharama yake ni ndogo. La kwanza ni saa na mahali. Usajili endelevu mliouanzisha upya tarehe 29 Septemba 2025 ni hatua njema, lakini unapofanyika katika ofisi za maeneobunge wakati wa saa za ofisi huwasajili wasio na kazi na wenye kazi za heshima, na kuwaacha wanaolipwa kwa siku. Wekeni meza katika vivuko vya Likoni pande zote mbili, saa kumi na mbili asubuhi na saa moja usiku, ambapo maelfu hupita kwa miguu. Wekeni katika malango ya bandari wakati wa kubadilishana zamu, Kongowea sokoni alfajiri, na nje ya viwanda vya nguo siku ya mshahara. La pili ni vidole. Sheria inaruhusu utaratibu wa ziada pale mashine inaposhindwa kumtambua mpiga kura, lakini utaratibu huo haujulikani na wananchi, na nina wasiwasi kwamba haujulikani vizuri hata na baadhi ya makarani. Watu ambao mashine huwakataa ni wavuvi, waashi, wapakiaji na wafua nguo. Wakikataliwa mara moja mbele ya watu, hawarudi.

Kuna pia suala la kitambulisho, ambalo si lenu moja kwa moja lakini linaamua nani atawafikia. Kwa miaka mingi, vijana wa Pwani wenye majina ya Kiislamu waliitishwa hati za babu zao kabla ya kupewa kitambulisho, hadi Februari 2025 Rais alipotangaza kuondolewa kwa ukaguzi huo wa ziada. Jamii ya Wamakonde wa Kwale ilipokelewa kama raia kuanzia mwaka 2016, na jamii ya Wapemba mwaka 2023, baada ya vizazi vya kuishi hapa. Watu hawa wamengoja haki hii kwa muda mrefu kuliko wengi wetu, na sijaona mpango mahususi wa kuwafuata walipo na kuwasajili.

Wengine wa kwetu wako ng'ambo. Karibu kila mtaa wa Mombasa, Kilifi na Kwale una binti au kijana anayefanya kazi Ghuba, na fedha anazotuma ndizo zinazolipa karo na kodi ya nyumba. Mwaka 2022 Wakenya wa Qatar na Falme za Kiarabu waliwekewa vituo vya kupigia kura ya urais, lakini wa Saudia na Oman hawakuwekewa, na waliosajiliwa katika nchi zote za nje walikuwa 10,443 tu. Katiba inataka haki hii ipanuliwe hatua kwa hatua. Miaka mitano kati ya uchaguzi na uchaguzi inatosha kupiga hatua moja inayoonekana.

Kuhusu elimu ya wapiga kura, ambayo Kifungu cha 88 kinaikabidhi Tume, nina maoni yanayotofautiana na yale yaliyozoeleka. Mabango yanayosema «Jitokeze upige kura» hayamfundishi mtu chochote, kwa sababu hakuna asiyejua kwamba kuna kura. Anachohitaji ni kuelezwa mwakilishi wa wadi ana mamlaka gani juu ya bajeti ya kaunti, mbunge anasimamiaje fedha za maendeleo ya eneobunge, ni wapi raia anaweza kuisoma bajeti hiyo, na afanye nini kiongozi akimtupa baada ya kuapishwa. Elimu ya namna hiyo ina faida katikati ya muhula, wakati kiongozi yuko ofisini na kuna jambo la kumdai. Ikitolewa wiki chache kabla ya kura, katikati ya kelele za kampeni, msikilizaji huichukulia kuwa sehemu ya kampeni zenyewe.

Nawakumbusha vilevile ndugu zetu wa Magarini. Mahakama ya Juu ilipothibitisha kubatilishwa kwa uchaguzi wao mwaka 2024, walibaki bila mbunge kwa zaidi ya mwaka mzima, hadi uchaguzi mdogo wa 27 Novemba 2025, kwa sababu Tume haikuwa na makamishna tangu Januari 2023. Watu wa Banissa walingoja zaidi ya hapo. Waliosababisha pengo lile si ninyi. Ni Bunge, Serikali na upinzani waliovutana huku raia wakikosa mwakilishi. Lakini mwananchi aliyeona kwamba kiti cha mbunge wake kinaweza kukaa kitupu miezi na miezi na jua likaendelea kuchomoza, mtampa sababu gani ya kupanga foleni kukijaza? Nadhani mnapaswa kupendekeza kwa Bunge, kwa maandishi na hadharani, mabadiliko ya sheria yatakayohakikisha kwamba Tume haikai tena bila makamishna.

Ombi langu la mwisho ni la takwimu. Mlipoweka Fomu 34A hadharani mlithibitisha kwamba mnaweza kumwamini raia na hesabu. Basi chapisheni pia, kituo kwa kituo, idadi ya waliosajiliwa na waliojitokeza kwa umri na jinsia, kwa mwaka 2017 na 2022, katika namna ambayo mwalimu wa shule au kijana mwenye simu anaweza kuisoma bila ya kumwendea wakili. Tukijua kwamba kituo fulani cha Mtongwe kilishuka sana na cha jirani yake hakikushuka, tutaweza kwenda kuuliza kilichotokea pale. Bila ya hapo tutaendelea kubishana kuhusu tabia za Wapwani, na kila mmoja atasema analolipenda.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Naomba Tume ije Mombasa kabla usajili haujafungwa, ikutane na wakazi wa maeneobunge yote sita katika kumbi za wazi na si katika hoteli, na itujibu kwa Kiswahili juu ya karatasi za gavana, saa za usajili, watu ambao mashine inawakataa, na takwimu za vituo. Ikiwa kuna ombi miongoni mwa haya ambalo haliwezekani, tuelezeni sababu yake, nasi tutalizungumza.

Wenu kwa heshima,

Mpiga kura wa Likoni, Mombasa